Mafunzo ya usalama maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima umahiri na kutunza kumbukumbu

Majibu haya yameandikwa kwa wakuu wa maabara, maafisa ubora na wasimamizi wa usalama katika hospitali, vituo vya afya na vyuo. Mifano mingi ni ya maabara za afya za Tanzania na Kenya, lakini pale somo lilipotoka mbali tumelifuata hukohuko. Maswali ni yale yanayozuka kila msimu wa ukaguzi unapokaribia, na mengine yaliulizwa kwa ukali kuliko tulivyoyaandika hapa.

Tuna karatasi za mahudhurio zenye saini za kila mtu. Kwa nini tunaambiwa hazitoshi?

Kwa sababu karatasi ya mahudhurio inathibitisha jambo moja tu: kwamba mtu alikuwepo chumbani. Na hilo lenyewe tunalikubali kwa imani, maana sote tunajua jinsi mwenzako wa zamu anavyoweza kukusainia ukiwa umekwenda kupokea sampuli.

Tazama kilichotokea Marekani, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, tarehe 29 Desemba 2008. Msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23, mhitimu wa kemia, alikuwa akivuta tert-butilithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Kemikali hiyo hushika moto yenyewe ikigusa hewa. Pistoni ya bomba ikachomoka, kemikali ikamwagika, moto ukamshika akiwa hana koti la maabara, na sweta aliyovaa ilikuwa ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Mamlaka ya usalama kazini ya jimbo la California ilikitoza chuo faini ya zaidi ya dola 31,000, na miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kukosekana kwa kumbukumbu za mafunzo. Desemba 2011 yakafunguliwa mashtaka ya jinai dhidi ya profesa wa maabara hiyo na bodi ya chuo.

Elimu ya yule binti haikuwa na shaka. Kilichotafutwa ni nani alimfundisha kazi ileile, kwa kemikali ileile, lini, na ushahidi uko wapi. Kumbukumbu yako nayo inatakiwa iweze kujibu maswali hayo manne bila wewe kuwepo.

Basi tukiwapa mtihani wa maswali ya kuchagua baada ya semina, si tumemaliza?

Mmepata nusu ya jibu. Mtihani wa karatasi unapima kama mtu anakumbuka, na kukumbuka kuna nafasi yake: alama za hatari kwenye chupa za kemikali, rangi za mifuko ya taka, mtu wa kumpigia simu. Shida ni kwamba ajali za maabara hutokea mikononi.

Jaribu hili. Waulize watumishi wako kumi kwa maandishi: klorini ya kusafishia damu iliyomwagika iwe na nguvu gani? Karibu wote wataandika 0.5%. Kisha mwite mmoja mmoja, mpe chupa ya Jik ya 3.5%, ndoo na kopo la kupimia, umwambie atengeneze lita moja. Hapo ndipo utakapowafahamu. Hesabu yake ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, yaani takriban mililita 143 za dawa na maji mpaka itimie lita. Wapo watakaoweka moja kwa tisa kwa sababu walisoma kitabu kinachozungumzia klorini ya 5%. Wapo watakaomimina kwa macho. Wapo watakaochanganya sawasawa halafu wakaacha chombo bila tarehe, wakati klorini iliyochanganywa hupoteza nguvu na inatakiwa itengenezwe upya kila siku. Na wapo wasiosoma kabisa kilichoandikwa kwenye chupa, ilhali si kila chupa ya dukani ina 3.5%.

Kwenye maabara za kupima wingi wa virusi ongeza swali la pili papo hapo: je, ungemwaga klorini hii juu ya kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha kuchuja RNA, yaani vinasaba vya virusi, kilichomwagika? Vingi vya vitendanishi hivyo vina guanidini, na guanidini ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Mtu mwenye alama mia kwenye karatasi anaweza kujibu "ndiyo" bila kusita, kwa kuwa amefundishwa kwamba kila kinachomwagika dawa yake ni klorini.

Tutapimaje kwa vitendo bila kusimamisha kazi? Foleni ya wagonjwa haingojei.

Sehemu kubwa ya tathmini hufanyika kazi ikiendelea. Mpimaji anasimama pembeni na orodha yake wakati mtumishi anatoa damu, anapakia sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu za sampuli), anafanya kazi ndani ya kabati la usalama wa kibaolojia (kabati lenye mkondo wa hewa unaozuia vimelea kumfikia mtumishi), anavua glavu. Dakika kumi na tano zinatosha kwa shughuli moja. Wakaguzi wa ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za afya, wamezoea kuona njia kadhaa zikitumika kwa pamoja: kutazama kazi moja kwa moja, kupitia rejesta na kumbukumbu za mtumishi, kumpa sampuli maalumu, na kumwekea tatizo alitatue. Usalama unaingia katika zote.

Yale ambayo huwezi kuyasubiri yatokee, kama moto, mtu kujichoma sindano, au tyubu ya makohozi kuvunjika ndani ya sentrifuji, yafanyieni igizo. Maji yenye rangi ya chakula sakafuni yanatosha kuigiza damu. Usitangaze siku.

Ubora wa zoezi lote unategemea jinsi ulivyoandika orodha ya hatua. Fomu nyingi zina mstari kama "Anazingatia usalama anapotumia kabati", na mpimaji anaweka alama ya vema kwa sababu hana cha kukataa. Andika kinachoonekana kwa macho. Anawasha kabati na kusubiri walau dakika 5 kabla ya kuanza. Haweki karatasi wala mkono juu ya matundu ya mbele. Anapanga kisafi upande mmoja na kichafu upande mwingine. Hawashi kichomeo cha moto ndani. Mstari wa namna hiyo hauhitaji maoni ya mpimaji, na wapimaji wawili wakimtazama mtu mmoja watajaza kilekile.

Kwa sentrifuji hatua inayofichua zaidi ni ya kungoja. Tyubu ikivunjika mashine inazimwa, kifuniko kinabaki kimefungwa kwa dakika 30 ili chembechembe zitue, na ndipo mtu anafungua akiwa amevaa vifaa kinga kamili. Katika igizo, kila mtu hutaka kufungua achungulie.

Alama ya kufaulu iwe ngapi?

Kwa maandishi maabara nyingi huchukua 80%, na si mbaya. Kwa vitendo usitumie asilimia peke yake. Mtu akipata hatua 18 kati ya 20 ana 90%, lakini ikiwa mojawapo ya zile mbili ni kurudishia kifuniko kwenye sindano iliyotumika kwa mikono miwili, huyo hajafaulu. Weka nyota kwenye hatua zisizovumilika, andika chini ya fomu kwamba kukosa hata moja ni kurudia, na usilegeze kwa sababu ya cheo.

Tupime mara ngapi?

Kabla mtumishi mpya hajaachwa peke yake, hasa zamu ya usiku. Kila kinapoingia kipimo kipya, mashine mpya au kemikali mpya. Mtu anaporudi baada ya likizo ndefu au masomo. Baada ya ajali. Na kwa wote, kwa mzunguko mliojiwekea, ambao kwa kawaida ni mwaka.

ISO 15189 haikupangii idadi; inakutaka uamue mwenyewe kulingana na hatari ya kazi na uutekeleze uamuzi wako. Marekani wameandika namba katika kanuni zao: mfanyakazi wa maabara ya vipimo vya kiwango cha kati na cha juu hupimwa umahiri walau mara mbili katika mwaka wake wa kwanza na mara moja kila mwaka baadaye, na mafunzo kuhusu vimelea vinavyoambukizwa kwa damu ni ya kila mwaka. Wanaofungasha na kusafirisha sampuli zenye vimelea kwa ndege wana yao ya kimataifa: chini ya kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, mafunzo hurudiwa ndani ya miezi 24, na cheti kilichopita muda hakikusaidii kitu mbele ya shirika la ndege.

Onyo dogo kwa wenye bidii. Mkiandika kwenye sera kwamba mtapima kila baada ya miezi mitatu kwa sababu inapendeza kusoma, mkaguzi atawapima kwa maneno yenu wenyewe. Maabara iliyoahidi mara moja kwa mwaka na ikatimiza iko salama kuliko iliyoahidi mara nne ikafanya mbili.

Nani apime? Na mkuu wa maabara naye anapimwa na nani?

Apime yule ambaye yeye mwenyewe ameshapimwa katika kazi hiyo na kumbukumbu yake ipo. Hakuna kinachoangusha faili haraka kama kukuta aliyesaini kama mpimaji hana tathmini yake mwenyewe. Mkuu wa maabara hupimwa na afisa ubora, au mnabadilishana wapimaji na hospitali jirani, jambo linaloondoa pia ile hali ya kupimana kirafiki.

Ugumu halisi kwetu ni heshima. Kijana wa miaka 27 aliyetoka chuo juzi anapewa kazi ya usimamizi wa usalama, halafu anatakiwa ajaze "Hapana" mbele ya jina la mzee aliyemfundisha kutoa damu. Hatajaza. Ataweka vema zote na kuomba radhi kwa kusumbua. Lawama kijana hana. Mpangilio ndio umemweka pabaya. Kuna mambo mawili yanayosaidia. La kwanza, mzee huyohuyo ashirikishwe kuandika orodha ya hatua, aseme yeye ni zipi zisizovumilika. Mtu haoni aibu kupimwa kwa kipimo alichokitengeneza. La pili, maneno ya kuanzia. "Shikamoo mzee, leo naomba unionyeshe unavyofanya, nami nitafuatisha kwenye karatasi" hufungua mlango ambao "Nimekuja kukupima" huufunga. Fomu ni ileile, hatua ni zilezile, na mwisho wote wawili wanasaini.

Wahudumu wa usafi, dereva wa sampuli, wanafunzi wa fildi: nao tuwawekee faili?

Ndiyo, na ukilazimika kuanza na kundi moja kwa uhaba wa muda, anza na wahudumu wa usafi. Wao ndio wanaobeba mfuko uliotupwa sindano kimakosa, wanaosukuma kisanduku cha ncha kali kilichojaa kupita alama ya robo tatu, na mara nyingi wao ndio hawajachanjwa. Katika maabara nyingi huajiriwa na kampuni ya nje, basi kila mmoja anadhani mwenzake amewafundisha. Mkataba wa kampuni hauondoi wajibu wenu kwa mtu anayefanya kazi chini ya paa lenu.

Mafunzo yao yawe ya Kiswahili kinachozungumzwa, na tathmini iwe ya mdomo na mikono. Taratibu sanifu (SOP, yaani maelekezo rasmi ya hatua za kazi) nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu kisha zikatundikwa ukutani karibu na deki. Hapo ni mapambo. Kwa asiyesoma, mpimaji anaandika majibu aliyoyasikia, mhusika anaweka dole gumba, na shahidi anasaini. Kumbukumbu ya namna hiyo ina uzito kamili, na ni bora mara kumi kuliko saini ya mtu aliyesainishwa waraka asiouelewa.

Dereva au kijana wa bodaboda anayepeleka makohozi na damu kituo cha rufaa apimwe kwa mambo machache: ufungashaji wa tabaka tatu, sanduku lisilofunguliwa njiani, na la kufanya akianguka. Wanafunzi wapimwe wiki ya kwanza, na chuo kipewe nakala. Fundi wa mashine anayekuja mara mbili kwa mwaka anahitaji maelekezo mafupi na saini kwenye rejesta ya wageni, basi.

Fomu ya kumbukumbu iwe na nini hasa?

Jina, cheo na namba ya usajili ya mtumishi kwenye baraza la taaluma. Kazi aliyopimwa, kwa jina mahususi. "Usalama wa maabara" ni pana mno. Namba na toleo la taratibu sanifu iliyotumika. Tarehe ya mafunzo, na kando yake tarehe ya tathmini, kwa sababu si lazima ziwe siku moja na mara nyingi ni vizuri zisiwe. Mkufunzi na mpimaji. Njia iliyotumika kupima. Matokeo ya kila hatua, siyo jumla tu. Kisha uamuzi: anaruhusiwa kufanya kazi hii peke yake, chini ya uangalizi, au haruhusiwi. Mstari huu wa uamuzi ndio unaosahaulika kuliko yote, na ndio wenye kazi kubwa, maana mpanga zamu anautegemea.

Wengi huuliza kwa nini kung'ang'ania namba ya toleo. Jibu liko kwa Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, bingwa wa metali zenye sumu. Agosti 1996 alidondokewa na dimethilimekuri kidogo sana juu ya glavu za mpira. Alikuwa ndani ya kabati la kuvuta hewa, amevaa kinga, akifanya kama miongozo ya wakati ule ilivyoelekeza. Glavu zile zilipitisha kemikali hiyo kwa muda mfupi mno. Alifariki Juni 1997, na baada yake maelekezo ya glavu kwa kemikali hiyo yakabadilishwa. Sasa fikiria faili linalosema "amefundishwa matumizi ya glavu" bila kuonyesha ni kwa toleo lipi. Mwongozo ukibadilika, hutajua ni nani amebaki na elimu ya zamani. Ukiwa na namba ya toleo, unachuja orodha kwa dakika tano na unajua wa kuwaita.

Faili la karatasi au kompyuta?

Chochote mtakachokitunza. Karatasi zina saini halisi na hazizimiki umeme ukikatika. Kompyuta inakuonyesha mara moja nani amepitwa na tarehe. Mchanganyiko unaofanya kazi katika maabara nyingi ni faili la karatasi kwa kila mtumishi, pamoja na jedwali moja la Excel: majina yakishuka, kazi zikienda upande, na katika kila kisanduku tarehe ya kurudia. Jedwali litundikwe mpanga zamu anapoliona na nakala yake ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo.

Makosa ya kuandika yakatwe kwa mstari mmoja, saini na tarehe. Kifutio cheupe kisiguse fomu hizi. Na picha za fomu za tathmini zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kama nia ni kupongezana.

Rekodi za chanjo na za kujichoma sindano tuziweke humohumo?

Hapana. Faili la mafunzo hufunguliwa na watu wengi: mkuu, afisa ubora, mkaguzi wa nje. Taarifa za afya zina faili lake, lenye kufuli na mwenye dhamana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kinachoingia kwenye faili la mafunzo ni kwamba mtu anajua la kufanya. Mpime: aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, atoe taarifa papo hapo, afike kwenye huduma ya PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali. Dawa zianze mapema kadiri inavyowezekana na kamwe zisipite saa 72, kisha zitumike siku 28. Muulize pia anampigia nani saa nane usiku Jumapili. Hapo ndipo taratibu nyingi nzuri hukwama, kwa kuwa ufunguo wa kabati la dawa unao mtu wa zamu ya mchana.

Mfundishe na uzito wa hatari zenyewe, maana woga wetu mara nyingi umeelekea upande usio wenyewe. Uwezekano wa kupata VVU kwa sindano moja yenye damu iliyoambukizwa ni takriban 0.3%. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika 30%, kutegemea hali ya mgonjwa. Mtu anayekesha akiwaza VVU hali hajamaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini, ile ya mwanzo, ya mwezi mmoja na ya miezi sita, mafunzo yake yana pengo.

Baada ya ajali, kwenye faili la mafunzo andika tu kwamba amefundishwa na kupimwa upya, na tarehe.

Tulifundisha mwaka jana lakini hatukuandika. Tujaze sasa kwa tarehe za nyuma?

Msifanye hivyo. Kumbukumbu yenye tarehe ya uongo ni kosa kubwa kuliko pengo, na huonekana. Fomu kumi na mbili za miezi kumi na miwili zenye wino mmoja, mwandiko mmoja na karatasi nyeupe isiyo na kunyanzi hazimdanganyi mtu aliyekagua maabara mbili. Wengine husainisha tarehe ambayo mtumishi alikuwa likizo ya uzazi.

Andikeni taarifa ya upungufu kwa tarehe ya leo: mafunzo yalifanyika takriban lini, ushahidi uliopo ni upi, kama barua ya mwaliko au malipo ya ukumbi, na kwa nini hayakuandikwa. Kisha wapimeni wote upya sasa. Tathmini ya leo inafuta haja ya kubishana kuhusu ya jana.

Aliyefeli tumfanyeje? Hatuna mtu wa kuziba nafasi yake.

Aondolewe kwenye kazi ile aliyofeli peke yake, si kazi zote. Aliyeshindwa kutumia kabati anaweza kuendelea na hematolojia. Fundisha upya hatua aliyokosa, mpime tena, ikiwezekana na mpimaji mwingine, na fomu zote mbili zibaki kwenye faili. Usichane ile ya kwanza. Fomu ya kufeli inayofuatwa na ya kufaulu ndiyo inayoonyesha kwamba mfumo wenu unapima kweli. Faili ambalo hakuna aliyewahi kufeli kwa miaka mitano linamtia mkaguzi wasiwasi.

Wakifeli wengi hatua ileile, waacheni watumishi, mrudieni mkufunzi. Huenda taratibu inasema kitu kisichowezekana: inadai ngao ya uso wakati stoo haina tangu Machi.

Tutajuaje kwamba mafunzo yenyewe yanasaidia?

Fomu ya "Je, umefurahia semina?" haitakuambia, ingawa chai ikiwa nzuri alama zitapanda. Nenda kaangalie vitu. Fungua macho kwenye visanduku vya ncha kali kabla havijaenda kwenye kichomea taka: vimevuka robo tatu? Zinaonekana sindano zenye vifuniko vilivyorudishiwa? Hesabu wangapi wanatoka na koti la maabara kwenda kantini. Fanya hivyo wiki moja kabla ya mafunzo, mwezi mmoja baadaye, na tena baada ya miezi sita, ndipo utajua kama tabia imebadilika au imerudi ilikotoka.

Kuhusu ripoti za ajali, jihadhari. Mafunzo mazuri kwa kawaida huongeza ripoti katika miezi ya kwanza, kwa sababu watu wanaacha kuficha. Msimamizi anayewaonyesha wakubwa grafu inayopanda bila kueleza hilo anajitafutia barua ya onyo, na anayejivunia sifuri ya mwaka mzima katika maabara yenye watumishi thelathini labda hajaulizia vya kutosha.

Mkaguzi akija, anaanzia wapi?

Mara nyingi haanzii kwenye faili. Anachukua ratiba ya zamu, anachagua usiku mmoja, anatazama nani alikuwa peke yake, ndipo anaomba kumbukumbu za mtu huyo kwa kila kazi aliyoifanya usiku ule. Au anakwenda moja kwa moja kwa mhudumu wa usafi na kumuuliza mfuko mwekundu ni wa nini. Ukaguzi wa SLIPTA, ule wa kupanda nyota kutoka sifuri hadi tano kuelekea ithibati, una sehemu ya usalama inayotaka ushahidi wa namna hii. Wakaguzi wa usalama kazini nao, OSHA kwa Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003 na DOSHS kwa Kenya chini ya sheria ya mwaka 2007, watauliza kuhusu mafunzo, na huko Kenya sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi itaulizwa na kamati ya usalama pia. Faili moja lililopangwa vizuri linawatosheleza wote. Hakuna haja ya kuwa na la SLIPTA na la OSHA.

Kumbukumbu zitunzwe miaka mingapi, na mtumishi akihama?

Fuateni kwanza sera ya utunzaji nyaraka ya taasisi yenu. Kama haisemi kitu, kanuni ya Marekani ya vimelea vya damu inaweza kuwapa kipimo: kumbukumbu za mafunzo miaka 3 tangu siku ya mafunzo, na rekodi za afya za aliyepatwa na ajali muda wote wa ajira na miaka 30 zaidi. Kwa maoni yetu miaka 3 ni michache. Maambukizi mengine hujitokeza baada ya muda mrefu, na madai ya fidia huja mtu akiwa ameshastaafu. Ni afadhali faili la mafunzo likae muda wote wa ajira na miaka kadhaa baada yake, hasa kwa wanaogusa kifua kikuu na kemikali zinazosababisha saratani.

Anayehama apewe nakala, asili ibaki. Huko aendako nakala hiyo itawaonyesha alikotoka, lakini isiwazuie kumpima upya: kabati lao ni lingine, dawa yao ina nguvu nyingine, na mlango wao wa dharura hajui uko wapi.